Sheria Imevunjwa, Lakini Ushindi Uko Palepale? Neno "Na" Lililofunga Mlango wa Haki



Leo tunaanza na swali ambalo mtoto yeyote anaweza kumuuliza baba yake baada ya taarifa ya habari: "Baba, majaji wamesema sheria ya uchaguzi ilivunjwa. Sasa mbona aliyetangazwa mshindi amebaki mshindi?" Baba atakohoa, atatazama dari, kisha atasema, "Mwanangu, hayo ni mambo ya wakubwa."

Sisi tunasema hapana. Hayo ni mambo ya kila aliyepanga foleni juani na kadi yake mkononi, na mtoto anastahili jibu. Tena jibu lenyewe ni fupi. Hapa kwetu Uganda kuna neno moja ndani ya sheria ya uchaguzi wa Rais ambalo tangu mwaka 2001 limefanya kazi ya kufuli. Kwa Kiingereza cha sheria ni neno la herufi tatu. Kwa Kiswahili ni herufi mbili tu: "na". Tunaomba mtuvumilie, tutalieleza taratibu.

YALIYOTOKEA MAHAKAMANI

Kwanza tukumbushane, maana sisi watu tunasahau haraka. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 104, inampa mgombea urais asiyeridhika haki ya kwenda Mahakama ya Juu kupinga matokeo. Haki hiyo haikubaki kwenye karatasi, imetumiwa.

Machi 2001 Rais Yoweri Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 69.3, na Dkt. Kizza Besigye akapewa asilimia 27.8. Besigye akaenda mahakamani. Majaji watano wakasikiliza, na wote watano wakakubaliana kwamba kulikuwa na ukiukaji wa sheria katika uendeshaji wa uchaguzi ule. Lakini walipofika kwenye swali la kuubatilisha wakagawanyika. Watatu wakasema ubaki, wawili wakasema ufutwe.

Mwaka 2006 Museveni alipewa asilimia 59.26 na Besigye asilimia 37.39. Besigye akarudi mahakamani. Safari hii majaji walikuwa saba, na wote saba wakaona kwamba sheria ilivunjwa. Wapo raia waliokuta majina yao yameondolewa daftarini. Palikuwa na kasoro katika kuhesabu na kujumlisha kura. Katika baadhi ya maeneo palikuwa na rushwa, vitisho, watu kupiga kura zaidi ya mara moja na masanduku kujazwa. Hayo hatukuyasikia kijiweni, yamo ndani ya hukumu. Kisha wakapiga hesabu ya mwisho: wanne wakasema uchaguzi ubaki, watatu wakasema ufutwe. Angehama jaji mmoja tu, nchi nzima ingerudi kwenye foleni.

Mwaka 2016 aliyekwenda mahakamani ni Amama Mbabazi, aliyekuwa Waziri Mkuu. Mahakama iliona kwamba vifaa vya kupigia kura vilichelewa katika vituo vingi vya Kampala na Wakiso, na ikaona kasoro nyingine za Tume ya Uchaguzi. Lakini majaji wote tisa wakasema uchaguzi ubaki. Wakaongeza orodha ya mapendekezo ya kurekebisha sheria.

Ndugu msomaji, umeona mwendo huo? Mara tatu nchi imeambiwa kwamba makosa yapo. Mara tatu ikaambiwa kwamba makosa hayo hayatoshi. Basi tuulize: hayatoshi kwa kipimo gani?

KUFULI LENYEWE

Kipimo kiko katika kifungu cha 59(6)(a) cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais ya 2005. Maneno ya namna hiyo yalikuwemo pia katika sheria iliyotumika mwaka 2001. Kwa maneno yetu wenyewe, kifungu kinasema hivi: uchaguzi wa Rais utafutwa kwa sababu ya kuvunjwa sheria ikiwa mahakama imeridhika kwamba haukuendeshwa kwa misingi iliyowekwa na sheria hiyo, NA kwamba uvunjaji huo uliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa.

Hiyo ndiyo "na" tunayoisema. Mlalamikaji anatakiwa kuvuka mito miwili. Akithibitisha kwamba misingi ya uchaguzi huru ilikanyagwa, amevuka mto mmoja tu. Bado anaambiwa athibitishe kwamba kukanyagwa huko kuliyageuza matokeo, tena kwa kiasi kikubwa. Akikwama kwenye mto wa pili, ule wa kwanza alioogelea haumsaidii kitu.

Wako watakaosema hii ni sheria ya kawaida tuliyorithi kwa Waingereza. Wanafunzi wa sheria wanaotusoma waende maktaba wakaitazame kesi ya Morgan na Simpson, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1974. Ilikuwa kesi ya kiti kimoja tu cha baraza la London. Kura 44 zilikataliwa kwa kukosa muhuri, na mshindi alikuwa amepita kwa kura 11. Jaji Lord Denning alieleza pale kwamba uchaguzi ulioendeshwa vibaya kiasi cha kutofuata sheria kwa ujumla wake ni batili, hata kama matokeo hayakuguswa. Na uchaguzi ambao kwa ujumla umefuata sheria, lakini makosa yake yakageuza matokeo, nao ni batili. Yaani ni milango miwili, na ukipita mmoja umeingia. Sisi milango ile miwili tumeipanga mmoja nyuma ya mwingine, kisha tunajisifu kwamba tumerithi sheria ya Waingereza.

MIZANI YA MUUZA NYAMA

Tulete jambo hili nyumbani, ili kila mama alielewe.

Umekwenda buchani kununua kilo mbili. Ofisa wa vipimo akapita, akaikagua mizani, akakuta imefungwa kipande cha chuma kwa chini. Muuza nyama akasema, "Ni kweli mizani ina kasoro, lakini hebu mama athibitishe kwamba nyama aliyopewa leo imepungua, tena imepungua sana." Wewe nyama umeshaipika, watoto wameshaila. Utathibitishaje? Kila mwenye akili atamwambia muuza nyama yule: mizani ikishakuwa mbovu, kipimo chako hakina thamani, iwe umepunja robo au umepunja kilo nzima. Mizani inakaguliwa kwa uzima wake.

Wanafunzi nao wana mfano wao. Baraza la Mitihani la hapa Uganda, UNEB, likishuku kwamba wanafunzi wa kituo fulani walisaidiwa majibu, huzuia matokeo yao na kuchunguza. Halisemi, "Huyu kijana angefaulu tu hata asingesaidiwa, mpeni cheti chake." Mtoto wa miaka 13 aliyefanya mtihani wa darasa la saba anapimwa kwa kipimo cha uaminifu wa mtihani. Je, yule anayetaka kuongoza mamilioni ya watu apimwe kwa kipimo chepesi kuliko mtoto huyo? Tunauliza tu.

HESABU ISIYOWEZEKANA

Kuna ubaya wa pili, na huu ni wa vitendo. Tuseme tumekubali kwamba mlalamikaji lazima aonyeshe matokeo yaligeuka. Amepewa nini cha kumsaidia kuonyesha?

Mwaka 2016 Uganda ilikuwa na vituo vya kupigia kura zaidi ya 28,000. Sheria ya wakati huo ilimpa mlalamikaji siku 10 tu tangu kutangazwa matokeo awe ameshafungua kesi. Gawanya wewe mwenyewe: ni vituo 2,800 kwa siku. Kwa kila kituo apate fomu ya matokeo, ailinganishe na ile iliyotangazwa, amtafute wakala wake, amwapishe mbele ya kamishna wa viapo, ailete hati Kampala. Mahakama nayo ilikuwa na siku 30 tu, tangu kesi kufunguliwa, kusikiliza na kuamua.

Na ushahidi wenyewe uko kwa nani? Daftari liko kwa Tume. Fomu ziko kwa Tume. Mashine za kujumlishia ziko kwa Tume. Na Tume ndiyo inayolalamikiwa! Wazee walishasema juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Hapa nyani ndiye amekabidhiwa hata kabati la mafaili.

Ongezeni yaliyowapata walalamikaji wenyewe. Mwaka 2016 Dkt. Besigye alikuwa amezuiwa nyumbani kwake Kasangati katika siku zile zile za kufungua kesi, na siku zikapita bila yeye kufungua. Kesi ya Mbabazi ilipokuwa inaendelea, ofisi za mawakili wake zilivunjwa, mafaili na kompyuta vikaibwa. Januari 2021 nyumba ya Robert Kyagulanyi, yule mnayemjua kwa jina la Bobi Wine, ilizingirwa na askari kwa takriban siku 11, mpaka Mahakama Kuu ikaamuru Januari 25 kwamba kizuizi kile si halali. Alifungua kesi Februari 1. Baadaye akanyimwa ruhusa ya kuirekebisha, na hati nyingi za viapo zikakataliwa kwa kuwa zimechelewa. Akaiondoa kesi akisema hana imani na majaji.

Sisi hatusemi kwamba kila alichodai ni kweli. Hilo lilikuwa lisikilizwe, na halikusikilizwa. Tunachosema ni kwamba mtu aliyefungiwa ndani kwa siku 11 hawezi kuambiwa kwamba amechelewa, kisha tukaita hiyo haki.

Majaji wa 2016, tuwatendee haki, waliliona tatizo la muda. Walipendekeza muda wa kufungua kesi uangaliwe upya, na muda wa kusikiliza uwe angalau siku 60. Bunge lilifanya nini? Desemba 2017 lilipitisha mabadiliko ya Katiba, yale yale yaliyoondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Humo humo likaongeza muda wa kufungua kesi kutoka siku 10 hadi 15, na wa kuamua kutoka siku 30 hadi 45. Kwenye umri wa mgombea walifungua mlango mzima. Kwenye haki ya mlalamikaji wakaongeza siku tano na siku kumi na tano. Na lile neno "na" halikuguswa.

KIPIMO KINACHOMPENDELEA MKOSAJI

Ndugu zetu, tunaomba mlitafakari hili kwa utulivu.

Anayeharibu kidogo, mahali pamoja, akaacha fomu zake mezani, makosa yake yanaweza kuhesabiwa. Mahakama itasema: hapa zimepotea kura 300, ziondolewe. Lakini anayeharibu kila mahali, akafuta majina, akafukuza mawakala, akaficha fomu, huyo hakuacha cha kuhesabu. Mlalamikaji akifika mbele ya majaji bila takwimu, anaambiwa hakuthibitisha athari. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kinamkamata mwizi mdogo na kumwachia yule aliyebeba duka zima. Sheria ya namna hiyo inamfundisha mwovu kwamba akiharibu, aharibu kabisa, ili pasiwe na wa kuhesabu.

Kura zenyewe nazo zinageuzwa kuwa hesabu tu. Raia aliyekuta jina lake limefutwa mwaka 2006 alinyang'anywa haki yake mwenyewe. Kumwambia kwamba hata angepiga kura fulani angeshinda tu, ni sawa na kumwambia yatima kwamba fungu lake la urithi ni dogo mno, kwa hiyo kulila si kosa. Nani kati yetu angekubali mgawanyo huo katika ukoo wake?

JIRANI ZETU WALIFANYAJE?

Wapo wanaodhani haya ni maneno ya ndoto. Basi tuvuke mpaka.

Kenya walianza kama sisi. Machi 2013 Mahakama yao ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, ililikataa ombi la Raila Odinga, na hati ya nyongeza ya kurasa zaidi ya 800 ikatupwa kwa kuwa imechelewa. Katiba yao inatoa siku 7 za kufungua kesi na 14 za kuamua, kwa hiyo kwa muda wao ni wabaya kuliko sisi. Lakini Septemba 1, 2017, Mahakama ile ile, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Tofauti ya kura iliyotangazwa ilikuwa kama milioni 1.4. Mahakama haikusema kwamba Raila alishinda. Ilisema kwamba uchaguzi ni safari nzima, kuanzia daftari hadi tangazo, na kwamba mlalamikaji akithibitisha moja kati ya mawili, ama misingi imevunjwa ama matokeo yameathiriwa, inatosha. Tume ilipoamriwa kufungua seva zake ikaguliwe na haikutii ipasavyo, mahakama haikumlaumu mlalamikaji kwa kukosa ushahidi. Iliilaumu Tume iliyoushikilia.

Bunge la Kenya likakimbilia kubadili kifungu hicho mwaka ule ule, ili kubatilisha kuwe kugumu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikayafuta mabadiliko hayo.

Malawi walikwenda mbali zaidi. Katika uchaguzi wa Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa kwa asilimia 38.57 dhidi ya Lazarus Chakwera mwenye 35.41. Fomu za matokeo zilikutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia makosa, na tarakimu mpya zimeandikwa juu yake. Kesi ilichukua miezi, maana wao hawakujibana kwa wiki mbili. Februari 3, 2020 majaji watano wakaubatilisha uchaguzi. Mei mwaka huo Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaunga mkono, na Juni 23 wananchi wakarudia kura. Chakwera akashinda kwa asilimia zaidi ya 58.

"NCHI ITAWAKA MOTO"

Sasa tujibu hoja za wanaotupinga, maana si busara kujifanya hatuzisikii.

Wanasema hakuna uchaguzi usio na kasoro duniani. Kweli kabisa. Karani aliyechoka huandika 6 mahali pa 9. Hakuna anayedai uchaguzi ufutwe kwa hilo. Tunazungumzia misingi: daftari la haki, siri ya kura, hesabu ya wazi, uhuru wa kutotishwa. Jaji aliyeaminiwa kuamua kesi za uhai wa mtu hawezi kushindwa kutofautisha kosa la karani na msingi uliobomolewa.

Wanasema majaji wachache wasigeuze uamuzi wa mamilioni. Hapa kuna kiini macho. Mahakama inapobatilisha haimchagui mtu. Inaurudisha uamuzi kwa mamilioni hao hao, ili safari hii wasikike sawasawa.

Wanasema kurudia uchaguzi ni gharama. Ni gharama, hatukatai. Lakini uchaguzi uliovurugwa nao ulilipiwa kwa kodi zetu. Fundi akijenga ukuta uliopinda, hatuambiwi tuhamie humo kwa sababu saruji ni ghali.

Na hoja kubwa kuliko zote: nchi itawaka moto. Hii ndiyo inayowatisha wazazi, nasi ni wazazi pia. Tukiri ukweli: marudio ya Kenya ya Oktoba 26, 2017 hayakuwa mazuri. Raila aliyasusia, Uhuru akapata asilimia 98, na wapo waliouawa katika miezi ile. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2022 Tume ya Kenya iliweka fomu za kila kituo hadharani, kila raia akaweza kujumlisha mwenyewe. Raila alishindwa kwa tofauti ndogo, asilimia 48.85 kwa 50.49. Akaenda mahakamani, Septemba 5 akashindwa kwa kauli moja ya majaji, akasema hakubaliani nao ila anaheshimu uamuzi, na watu wakarudi makazini. Na Malawi? Septemba 2025 Mutharika, yule yule aliyefutiwa ushindi, aligombea tena na kumshinda Chakwera. Chakwera akakubali na kumpongeza. Hiyo ndiyo faida ya mahakama inayothubutu. Anayeshindwa anajua kwamba njia ya kurudi ipo.

Moto huwaka pale mlango unapofungwa. Mwishoni mwa 2007 upinzani wa Kenya ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuwaamini majaji. Waliokufa walizidi 1,100, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Sisi huku tuliyaonja yale. Wakimbizi walivuka mpaka wakaingia Tororo, reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Kampala bei ikapanda. Tanzania nako mlango haupo kabisa. Ibara ya 41(7) ya Katiba yao inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha tangazwa na Tume, ijapokuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha kwao wenyewe, ilisema mwaka 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliishia kwenye damu barabarani, na hapakuwa na jaji hata mmoja mwenye mamlaka ya kuuliza swali juu ya matokeo ya urais. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta nyingine hujengwa juu ya makaburi.

TUNACHOTAKA

Tunataka mambo manne, na tunayasema waziwazi.

Kwanza, lile neno "na" libadilishwe liwe "au". Misingi ikivunjwa, inatosha. Matokeo yakigeuzwa, inatosha.

Pili, mlalamikaji akishathibitisha kwamba sheria ilivunjwa, mzigo uhamie kwa Tume. Iwe juu yake kuonyesha kwamba matokeo hayakuguswa, maana yenyewe ndiyo yenye daftari na fomu.

Tatu, fomu ya kila kituo iwekwe hadharani kabla ya mshindi kutangazwa, kama walivyofanya Kenya 2022.

Nne, muda wa kesi uwe ule waliopendekeza majaji wenyewe au zaidi, na siku ambazo mgombea amezuiwa na askari zisihesabiwe.

Na sisi wananchi tusikae tukilaumu tu. Wewe kijana wa chuo, isome hukumu ya 2006, hasa maoni ya majaji Oder, Tsekooko na Kanyeihamba, wale watatu waliotaka uchaguzi urudiwe. Maoni ya walio wachache leo huweza kuwa sheria ya kesho. Wakenya wametuonyesha hilo. Wewe uliyekuwa wakala kituoni, tunza nakala ya fomu yako kama unavyotunza hati ya shamba. Wewe uliyeona kosa kwa macho yako, ukiitwa kuapa, nenda ukaape, useme uliloliona bila kuongeza chumvi. Ushahidi wa uongo huiua hata kesi ya kweli. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize swali moja tu: kifungu cha 59(6)(a) umekifanyia nini? Asipojua ni kifungu gani, umeshapata jibu. Na atakayekuambia uchukue jiwe, mwambie jiwe halijawahi kuhesabu kura.

Tumalizie kwa yule mtoto aliyeuliza swali. Baba, usitazame dari tena. Mwambie: "Mwanangu, amebaki mshindi kwa sababu sheria yetu inasema haitoshi kuonyesha kwamba mizani ni mbovu, mpaka uonyeshe na gramu ulizoibiwa. Sheria hiyo iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya." Kisha mwambie akue haraka, kazi ipo.